Fadhila ya Kufumua

Wahenga walinena kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Je, tulichokinunua kwa fedha zetu, bila kujua kiliungwaje, chatusitiri kikamilifu? Hatusemi kwamba kununua nguo ni kosa. Twauliza kama mtu ajifunzaye kushona nyumbani, pasipo mwalimu wala cherehani, hupata kitu ambacho fedha haziwezi kukinunua.

Tuanze na kazi iliyo ndogo. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili ambavyo havijatenganishwa. Mnunuzi hukata katikati, kisha kingo hupindwa ili zisichanike nyuzi. Kazi hiyo yahitaji mkasi, sindano, uzi na saburi. Kijana aijaribuye mara ya kwanza huona pindo lake likienda kama njia ya nyoka: hapa pana, pale jembamba. Hapo yumo njia panda. Aweza kuliacha na kusema, "Nani atalitazama?" Aweza kumpelekea fundi. Au aweza kulifumua na kuanza upya.

Kwa maoni yetu, adili kubwa la ushonaji limo katika kufumua. Uzi husamehe, mkasi hausamehe. Mshono uliokosewa hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa kifupi hakirefuki tena. Ndiyo maana mshonaji mwangalifu hupima kabla ya kukata, na hupiga bandi kabla ya kushona. Kitambaa hakipokei udhuru wala hakitishwi na cheo. Mwenye haraka, awe mkurugenzi au mwanafunzi, mkono wa shati lake hutoka umepinda.

Baadhi ya watu watatupinga kwa hoja mbili. Kwanza, mitumba imejaa masokoni. Ya nini kujitaabisha? Pili, kila mtu akijishonea, fundi wa barazani atakula nini?

Hoja ya kwanza ina ukweli wake. Mara nyingi kitambaa na uzi hugharimu zaidi ya shati la mtumba. Lakini hesabu ya fedha siyo hesabu pekee. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Kijana asiyeweza hata kurudisha kifungo cha shati lake ametengwa na kazi inayomvika kila siku.

Hoja ya pili yajibiwa na sindano yenyewe. Tumewaona watu wakibishana na fundi juu ya ujira, kana kwamba ukosi hujishona wenyewe. Aliyekesha akifumua ukosi mmoja hathubutu kubishana hivyo. Atarudi kwa fundi kwa nguo ya harusi, naye atamlipa kwa heshima, kwa kuwa sasa anajua analipia nini.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Basi walimu wasilicheke pindo la kwanza la mwanafunzi, wala wasilisifu ikiwa halistahili. Wamwonyeshe palipopinda, kisha wamwachie muda wa kufumua.