Utunda na Moto wa Tanuri

Chungu kikivunjika, gae lake halirudi kuwa udongo. Moto uliokichoma umekwisha kukifungia njia ya nyuma, na mfinyanzi aliye hodari kuliko wote hawezi kuliloweka gae akalifinyanga upya. Ndiyo maana gae hupewa kazi nyingine, kama kuchukulia kaa la moto kutoka kwa jirani. Kioo si hivyo. Kioo huvunjika, na kikirudishwa motoni husahau kwamba kilivunjika. Wala hakina kituo kimoja cha joto ambapo mtu aweza kusema hapa ndipo kinapoyeyuka, kama barafu. Hulegea kidogo kidogo, na kioo cha kawaida cha mchanga, magadi na chokaa kikifika nyuzi 800 hivi za Selsiasi, vipande vyake vilivyokaribiana huwa vimekwisha kushikana. Swali limezuka nyumbani kwangu juu ya jambo hili, na kwa kuwa nimeshindwa kulijibu kwa wepesi, nalileta hapa.

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha utunda. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa: ni shanga za kiunoni, huvaliwa ndani ya nguo, na si za macho ya watu. Uzi ulioza, shanga zikamwagika, nyingine zikapondeka chini ya mguu wa kitanda. Tulizozikusanya zimo bakulini. Binti yangu, ambaye amejifunza kutengeneza shanga kwa tanuri dogo la umeme, ataka kuziyeyusha afanye mkufu wa kuvaa shingoni. Mama mdogo hataki kusikia. "Utaitundika shingoni siri ya dada yangu?" ndiyo kauli yake. Na binti humjibu kwa adabu: "Bibi, zikishayeyuka si zile tena."

Jawabu hilo lina mtego. Ikiwa si zile tena, mkufu huo una nini cha bibi yake? Angeweza kuokota chupa pwani akaitwanga, kazi ikawa ile ile na kioo kikawa kile kile. Na ikiwa ni zile, basi mama mdogo ana haki, na moto haukusitiri kitu. Mtu hawezi kuudai ukumbusho kwa mkono mmoja na kuikana siri kwa mkono wa pili, maana vyote viwili vimefungwa katika uzi mmoja.

Sisi si wa kwanza kutia shanga motoni. Katika bonde la mto Limpopo, mahali ambapo wanaakiolojia wamepaita K2, karibu na kilima cha Mapungubwe katika Afrika Kusini ya leo, palikuwa na mafundi kati ya mwaka 1000 na 1220 hivi waliopokea shanga ndogo ndogo za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Walizitia nyingi kwa pamoja katika kalibu za udongo, wakaziyeyusha, zikatoka shanga moja moja nene za rangi ya buluu na kijani. Kalibu zenyewe zimefukuliwa. Mafundi hao hawakuwa wakiokoa takataka, kwani shanga za ng'ambo zilikuwa mali. Waliiharibu kazi ya mgeni ili wapate ya kwao, na leo zile nene ndizo zinazoitwa za K2, si za Bara Hindi.

Wakrobo wa Ghana wanayo hekima nyingine. Hao huponda chupa wakapata unga, wakaumimina katika kalibu ya udongo iliyopakwa kaolini ili kioo kisigande, na katikati ya kila tundu husimamisha kikonyo cha jani la muhogo, ambacho huungua kikaacha nafasi ya uzi. Lakini wana na aina ya pili, na hii ndiyo niipendayo: hawasagi kabisa, bali hupanga vipande vya chupa na vya shanga zilizovunjika, wakavichoma hadi vishikane tu, kisha wakatoboa kwa chuma kingali cha moto. Ukiitazama shanga hiyo kwenye mwanga, waweza kuona rangi ya kipande hiki inapokutana na ya kile. Haifichi kwamba ilikuwa vingi.

Mpenzi wa mashairi ataitambua mara moja. Ni takhmisa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyachukua maneno ya Liyongo hakuyasaga. Aliyaacha yasimame, akayatangulizia mishororo yake hadi ubeti ukatimia mitano. Katika ushairi nasimama upande huo bila kusita. Anayemsaga mwenziwe hadi asitambulikane, kisha akatia jina lake, simwiti fundi.

Mbona basi kwa utunda wa mama yangu moyo wangu wageuka? Nimejichunguza, na sababu naiona ni hii. Liyongo alisema ili asikiwe. Mama yangu alivaa ili asionwe. Mirathi hugawa mali, haigawi sitara. Bakuli lile ni letu sisi warithi, lakini alichokificha nalo tumekiwekewa amana tu, na mwenye kutoa ruhusa hayupo. Kwa hiyo hapa unga, ambao ningeulaumu katika shairi, wanielekea kuwa ndio adabu. Vipande vinavyoonekana vitamfanya kila shoga wa binti yangu aulize, "Hizi zilikuwa za nani?" Unga hauulizwi.

Mama mdogo nilimweleza haya, naye akanishinda kwa neno moja: kwamba katika bakuli lile siri imekwisha kutoka, maana tulizichambua mezani mbele ya watoto, na yeye mwenyewe alikuwamo. Sikuwa na la kusema. Huenda kinachomuuma si shingo ya mjukuu wake, bali ni kuona kitu cha dada yake kikitoweka mara ya pili.

Binti yangu ataka vipande. Asema akizisaga atakuwa amemzika bibi yake upya, na bora aulizwe, naye atanyamaza. Kunyamaza kwa aliye na la kusema nako ni sitara, na hilo sikulifikiri kabla yake.

Kazi yenyewe imetuchelewesha pia. Baadhi ya shanga zilikuwa za plastiki. Tulizijua kwa kuzigonga menoni, kwani kioo ni baridi na kina sauti. Nyekundu zimetengwa: zaonekana ni za kioo cha namna nyingine, na vioo viwili visivyosinyaa sawa huungana motoni vikiwa na amani, vikaja kupasuana wakati wa kupoa. Tanuri nalo huachwa lipoe polepole, usiku kucha, bila kufunguliwa. Jana mama mdogo alikuja akaomba apewe zile nyekundu. Alizihesabu, akazifunga katika pembe ya leso, akaondoka bila kusema azipeleka wapi.