Raba za Keria

Kwa mwezi mzima mimi na kaka tulibishana kuhusu paa la gari la marehemu baba. Gari lenyewe ni Peugeot 504, Pijo kama tunavyoiita wote, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968 na mwaka 1975 ikashinda Safari Rally mikononi mwa Ove Andersson. Baba hakuwahi kushinda chochote na Pijo yake, zaidi ya kutufikisha shule kabla kengele haijalia. Alipofariki tuliikuta rangi ni ileile ya maziwa, na hakuna hata tundu moja ambalo halikutoka kiwandani.

Mimi nilitaka keria. Mama alikuwa anahama Dar kurudi Morogoro, na kukodi kenta kwa ajili ya godoro, cherehani na viti sita niliona ni kutupa hela. Kaka akakataa katakata. "Mdogo wangu, ukitoboa lile paa umemtoboa baba." Nikamjibu kwamba baba alinunua gari, hakununua sanamu. Tukaenda hivyo kila Jumapili, wali unapoa mezani.

Ubishi ule haukuwa wa kipuuzi. Kitu cha urithi, wajibu wetu ni kukitunza kilivyo, au kukitumia kwa kazi iliyokileta duniani? Kaka alishika upande wa kwanza, mimi wa pili, na fundi mmoja wa Gerezani ndiye aliyetupatanisha. Alituonyesha mfereji wa maji ya mvua unaopita ukingoni mwa paa, kama ulivyo kwenye magari mengi ya zamani. Keria inaweza kushikwa kwenye mfereji ule kwa vibanio na boliti, bila kutoboa popote. Siku ukiichoka, unafungua nati, gari linabaki kama baba alivyoliacha. Kaka akakubali kwa sharti moja: chini ya kila kibanio iwekwe raba, rangi isichubuke. Nikachora mwenyewe, nikapima mwenyewe, fundi akachomelea mabomba na kukata vipande vya raba kutoka kwenye tyubu kuukuu. Siku ile nilijiona mtu mwadilifu sana.

Tulipita Mlandizi salama. Kabla ya Chalinze, kijana wa bodaboda akaja ubavuni akipiga honi na kunyoosha kidole juu. "Dada, keria inacheza!" Nikasimama. Vibanio viwili vya mbele vilikuwa vimelegea, nati unazigeuza kwa vidole. Sababu haikuwa ya ajabu. Raba ikibanwa hubonyea polepole, na ikibonyea boliti hupoteza mkazo. Mtikisiko wa barabara ukamalizia kazi. Juu yake kulikuwa na godoro, ambalo mbele ya upepo ni tanga. Tena upepo una hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kijana yule alikuwa nyuma yetu muda wote huo.

Nikakaza nati, nikaongeza kamba mpaka kwenye bampa, tukafika. Mama akasema Mungu mkubwa. Nilipompigia kaka na kumweleza, swali lake la kwanza lilikuwa: "Rangi imechubuka?"

Simlaumu. Lingekuwa langu pia. Mwezi mzima tulipigania haki ya baba, haki ya mama, mpaka haki ya rangi, na mtu wa nyuma hatukumtaja hata mara moja. Mbaya zaidi, kilichomweka hatarini ni raba zilezile tulizoweka kwa upendo. Kumbe mtu anaweza kuwa mwangalifu sana na bado akawa ameangalia pasipo.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams Mwingereza na Thomas Nagel Mmarekani, waliandika kuhusu bahati katika maadili. Nagel ana mfano wa dereva aliyezembea kukagua breki. Njia ikiwa tupu, yeye ni mzembe tu. Mtoto akikatiza barabara, ameua. Uzembe ni uleule, na kilichobadilika hakikuwa mikononi mwake.

Jamaa zangu wananiambia niache kujitesa, si hakuna kilichotokea? Wana hoja. Tukianza kujihukumu kwa kila ambacho kingeweza kutokea, hakuna atakayewasha gari. Na siwezi kujiita muuaji. Kati ya mimi na aliyeua kweli kuna maiti, na hiyo si tofauti ndogo. Lakini "hakuna kilichotokea" ni habari ya bodaboda yule na macho yake. Sioni inaniondolea nini mimi. Nikitaka kujipima kwa haki, nirudi pale nilipowasha gari. Pale nilijua keria haijawahi kubeba mzigo. Nilijua pia kwamba kusimama baada ya kilomita kumi na kushika nati kungenigharimu dakika tano. Keria ya dukani, angalau kuna mtu aliyeijaribu na tunagawana lawama. Hii nimeitengeneza mwenyewe, kwa hiyo mjaribu ni mimi, na jaribio nililifanyia barabarani, juu ya vichwa vya watu ambao sikuwauliza.

Nimezitoa raba. Vibanio sasa vinauma chuma kwa chuma, nimeweka nati zisizolegea kirahisi, na rangi ya baba imechubuka sehemu sita. Jumapili iliyopita kaka alikuja. Akapitisha kidole kwenye kila mchubuko, kimya, mpaka nikaanza kuandaa maneno ya kujitetea. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliomba spana namba 13, akalizunguka gari, akazikaza tena moja moja.