Jiwe Jeusi la Dikulushi

Wanangu wa Pweto, ninyi mnaopanda lori kwenda kutafuta maisha Lubumbashi, na ninyi mliobaki huku mkichokora marundo ya zamani kule Dikulushi, nipeni masikio. Bei ya mukuba, hii shaba yetu, mnaijua kunishinda. Kukicha mmeshaisoma kwenye simu. Jiwe lenyewe ndilo hamlijui, na jiwe hili halimsamehe mtu kwa kuwa hakuambiwa.

Kampuni iliyofungua mgodi wa Dikulushi mwaka 2002 haikuja kwa ajili ya jiwe la kijani. Ilifuata lile la kijivu cheusi, zito, laini kiasi kwamba kisu hulikwangua. Wataalamu huliita kalkositi. Ndani yake mna vitu viwili tu, shaba na salfa: chembe mbili za shaba zimeshikana na moja ya salfa. Likiwa safi, kila kilo 100 zina shaba karibu kilo 80. Malakiti ya kijani ina 57. Lile la manjano linaloghilibu macho kama dhahabu, kalkopiriti, limechanganyika na chuma na halifikishi 35. La kwetu lilibeba na fedha juu yake. Basi mnunuzi akikwambia jeusi ni uchafu, upokee bei ya kijani, huyo anakuibia jua likiwa utosini. Shehena zilishushwa Kilwa, zikavushwa ziwa la Moero hadi Nchelenge, upande wa Zambia.

Kuibiwa bei ni hasara ndogo. Hofu yangu ni ile salfa, kwa sababu mnunuzi analipia shaba, hailipii salfa, na salfa haipotei. Lazima imwangukie mtu.

Wazee wetu wa Katanga, wale walioitwa wala shaba, waliyeyusha malakiti kwa makaa ya miti katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba iliyotumika kama pesa hadi nchi za mbali. Malakiti ni jiwe la adabu: likipata moto hutoa mvuke na hewa ya kaboni, kisha makaa hulivua oksijeni na shaba inabaki. Jeusi halikubali hivyo. Makaa hayaing'oi salfa. Ni lazima ichomwe kwa hewa kwanza. Na ikiungua inageuka gesi, dioksidi ya salfa. Tani moja ya kalkositi safi hutoa kilo 400 za gesi hiyo. Ni nzito mara mbili kuliko hewa, kwa hiyo haipai ikaenda zake. Inatambaa, inajaza shimo, inaingia kwa mlango wa nyumba iliyo bondeni. Ikikuta unyevu wa jicho au wa koo inakuwa asidi palepale. Akija mtu na pesa mkononi akitaka mjenge tanuri ndogo nyuma ya nyumba mchome jiwe jeusi, mrudishieni pesa yake. Mwenye pumu na mtoto mchanga ndio watakaolipa kwanza.

Hamniamini? Waulizeni ndugu zetu wa Mufulira, ng'ambo ya mpaka, habari za moshi wanaouita senta. Mtaani Kankoyo bustani zilishindwa kuota. Au ukifika Lubumbashi, litazame lile bomba la moshi linalozidi mita 150. Tangu 1911 shaba ilipoanza kuyeyushwa pale, upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukipeleka moshi upande mmoja, na upande huo, kule Penga Penga, udongo ulibaki mtupu. Walimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walilazimika kutafuta majani yanayostahimili shaba, kama Mikrokloa, ili walau yashike vumbi. Bomba refu halimalizi moshi. Linampelekea jirani wa mbali.

Mvua nayo ina yake. Jiwe jeusi likiachwa juani na mvuani, hewa na maji vinalila polepole, likatoa sulfati ya shaba, yale maji ya samawati ambayo watoto huyapenda kwa rangi. Penye piriti, jiwe la chuma na salfa, vijidudu vya udongoni huharakisha kazi na asidi hutoka kwa wingi. Miamba ya dolomiti hukata makali yake, ila si kila kilima kina dolomiti. Sulfati hiyohiyo mabwana shamba huichanganya na chokaa kuua ukungu wa majani. Sasa fikirini matamvua ya samaki wetu chisense. Shirika la Afya Duniani linamruhusu binadamu miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa. Samaki huanza kuumia chini sana ya hapo. Ukilitilia shaka dimbwi, sugua msumari ung'ae, uutumbukize. Ukitoka na ngozi nyekundu, shaba imejaa. Usipobadilika, usishangilie, kwani sumu ya samaki haifiki hata kuupaka msumari rangi. Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, kingo za bwawa la takataka za mgodi zilipasuka, asidi ikaingia mto Kafue, na Kitwe ikafungiwa maji ya bomba. Sisi hatuna bomba la kufunga. Tuna ziwa.

Mtasema siku hizi viwanda vipya havipulizi tena ile gesi. Kweli. Wanaikamata, wanaifanya asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jiwe la kijani. Ni akili, nami naisifu. Ila asidi lazima isafiri. Februari 2019, katika njia ya Kolwezi na Lubumbashi, lori la asidi liligongana na basi, wakafa watu wapatao 20, wengine kwa kuunguzwa. Likipinduka lori la namna hiyo, msikimbilie kuchota. Na bidoni iliyowahi kubeba asidi isitiwe maji ya kunywa wala mafuta, hata ikisuuzwa mara ngapi. Mkipewa kazi ya kuichanganya, asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yakitiwa kwenye asidi yanachemka na kukurukia usoni.

Ikimrukia mwenzenu, mvueni nguo na kummwagia maji safi, mengi, bila kukoma, dakika 20 na zaidi. Si mawese, si maziwa, si majivu. Pikipiki ya kumpeleka hospitali isubiri maji yamalize kazi yake.