Utu na Mguu wa Mbwa

Mfano uwe huu: katika nyumba ya Waswahili mjini London, kijana amefuga mbwa, na mama yake, aliyelelewa Unguja, amelikubali jambo hilo shingo upande. Asubuhi moja kijana yuko kazini. Mbwa anaingia kutoka bustanini akichechemea, unyayo wake unatoka damu kidogo. Mama yuko peke yake. Je, amshike?

Pingamizi la kwanza ni la twahara. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini hukumu hiyo hueleza namna ya kujitwaharisha baada ya kugusa. Haisemi kiumbe mwenye maumivu aachwe. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Najisi ya mbwa haikuipunguza thamani ya tendo lile.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni la hadhi. Kwa Kiswahili, kumwita mtu mbwa ni kumtoa katika utu. Vipi basi utu huo huo umwendee mbwa mwenyewe? Immanuel Kant alishikilia kwamba binadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Ukatili kwa wanyama huepukwa ili moyo usiwe mgumu kwa wanadamu. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, aliliondoa swali kwenye akili na usemi wa mnyama, akaliweka kwenye uwezo wake wa kuumia. Kant anamtazama mtenda, Bentham anamtazama mtendewa. Utu wahitaji macho yote mawili: ni sifa ya mtenda, lakini hauamki mpaka maumivu ya mwingine yaonekane kuwa maumivu kweli.

Na kuyaona ni kazi. Kidonda kidogo chataka mtu aangalie kati ya vidole kama kuna mwiba, aoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, afunge bandeji isiyozuia damu, kisha amkataze mbwa kukimbia na kupanda ngazi. Huruma isiyo na maarifa ingempa kidonge cha binadamu, na hali ibuprofen au paracetamol zaweza kumdhuru vibaya. Mguu ukivimba, au akizidi kukataa kuukanyagia, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Katika yote haya mbwa haelewi lolote. Kuzuiwa ngazi kwake ni adhabu, na mkono unaosafisha kidonda waweza kuumwa.

Hapo ndipo utu hupimika. Kwa jirani au jamaa, wema huchanganyika na tumaini la kulipwa au hofu ya kusemwa. Mbele ya mbwa huyu, ndani ya nyumba isiyo na shahidi, mchanganyiko huo haupo. Mama akiisha kumfunga bandeji, hatakuwa amebadili itikadi yake, wala si lazima awe amempenda mbwa. Atachota udongo kwenye chungu cha maua, anawe mara saba, kisha aswali. Dini yake haikumtaka achague kati ya usafi na huruma. Ilimtaka alipe gharama ya vyote viwili.