Sifa Katika Barua ya Maombi

Kijana wa Idsowe, karibu na Garsen, aombaye nafasi katika chuo cha biashara hutakiwa kujieleza. Waombaji ni wengi, nafasi haba. Ataandika nini? Mto Tana ulifurika mwaka 2018, na tena 2023. Mashamba yakagharikishwa, watu wakahamia mahali pa juu. Je, ni haki kuigeuza dhiki ya kijiji kizima kuwa sifa ya mtu mmoja? Kama aliwavusha wazee kwa mtumbwi, na aseme; tendo hilo ni lake. Kama hakuwavusha, gharika si mali yake. Wachaguzi walio Nairobi hawataujua uwongo huo, maana wengi wao hawajapata kuona mtumbwi ukipita juu ya shamba. Mama yake, aliyeuza maembe apate ada ya maombi, ataujua.