Wapanda Mlima kwa Nia Gani?

Mvua ikisha kunyesha usiku kucha, na mawingu yakatawanyika alfajiri, mtu asimamaye Beni akitazama mashariki huuona mlima Ruwenzori ukiwa na weupe kichwani. Weupe ule si moshi wala si wingu. Ni theluji, ambayo wazee waliiita nzururu kabla mgeni yeyote hajafika na vitabu vyake. Haudumu kuonekana, mawingu hurudi, na mlima hujificha tena.

Njia ya kuufikia huanzia Mutwanga, miguuni pa mlima. Kwanza hupita mashambani, kisha huingia msitu mkubwa mpaka kibanda cha Kalonge, mita 2,100 hivi juu ya bahari. Toka hapo ni mianzi na utelezi, kisha miti yenye ndevu ndefu zinazoning'inia matawini, na mizizi iliyolowa maji ambayo mguu huzama kati yake mpaka gotini. Kibanda cha Mahangu kiko kwenye mita 3,300, na cha Kiondo mita 4,200. Huko kichwa huuma, pumzi huwa fupi, na hata chakula kizuri hakina ladha. Juu kabisa ni kilele cha Margherita, mita 5,109. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa jamaa ya kifalme ya Italia, alikifikia akitokea upande wa Uganda, akakipa jina la malkia wake.

Basi, mtu mwenye akili timamu hutafuta nini huko? Hakuna shamba, hakuna soko, hakuna hata ndugu wa kuamkia.

Tena wako watu wasioridhika kuipanda milima kwa mwendo wa kawaida, bali huikimbia. Mbio za marathoni ni kilomita 42 na kidogo. Hao huzihesabu kuwa fupi. Huko Ulaya yako mashindano ya kuuzunguka mlima Mont Blanc, kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi: zaidi ya kilomita 170, usiku na mchana, na mipando yote ikijumlishwa hufika mita 10,000 hivi, karibu mara mbili ya kimo cha Ruwenzori toka baharini. Yalipoanzishwa mwaka 2003 walitoka watu zaidi ya 700. Waliofika mwisho hawakutimia 70. Wala si Wazungu peke yao. Mwaka 2006 Simon Mtuy, Mchagga wa Tanzania, alipanda Kilimanjaro mpaka juu, mita 5,895, akashuka, akijibebea maji na chakula chake mwenyewe, kwa muda wa saa 9 na dakika kadhaa. Wageni hutumia siku tano au zaidi.

Wakiulizwa sababu, hawajibu kwa kauli moja. Mmoja ataka sifa. Mwingine amefiwa, akaona kukaa nyumbani ni kuzito kuliko kilima. Mwingine ataka kujua mwili wake utamtii mpaka wapi. Yuko pia apandaye kwa kuwa uzuri wa kazi ya Mungu humvuta, na huyo asichekwe. Na mpagazi wa Mutwanga, abebaye mzigo wa mgeni mgongoni, hupanda apate karo ya watoto wake. Majina ya wapagazi hayaandikwi juu ya kilele, walakini nia ya huyu ni safi kuliko za wengi wanaomtangulia mikono mitupu.

Nia hizo zote hufanana wakati wa kuondoka, jua likiwa kali na watu wakipiga makofi. Tofauti hutokea usiku. Miguu imevimba, mvua yanyesha, taa yaonyesha hatua tatu tu, wala hakuna awaye yote wa kutazama. Aliyekuja kwa ajili ya makofi hutega sikio, asisikie kitu. Basi huketi juu ya jiwe. Mwenye kumkumbuka mtu anayempenda huweza kuinuka tena. Nguvu za mwili zao labda ni sawa.

Mtu aweza kuuliza: je, si kumjaribu Mungu? Yategemea. Anayejitupa hatarini bila maandalio, ili asemwe tu, huchezea uhai ambao si mali yake. Lakini Baba Mtakatifu Pius XI, alipokuwa bado padri Achille Ratti, alipanda Monte Rosa mwaka 1889 kwa njia ngumu, pamoja na viongozi wenye kuijua milima, akalazimika kukesha usiku mzima mwambani penye baridi kali. Mwaka 1923, akiwa Papa, alimweka Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Naye Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, aliipenda milima kuliko starehe za nyumba yao yenye mali. Hata hivyo, huko mjini pia alikuwa na mbio zake: aliwapa maskini nauli yake ya tramu, kisha ikampasa kwenda mbio mpaka nyumbani asichelewe chakula. Alikufa mwaka 1925, mwenye miaka 24.

Mtakatifu Paulo aliwajua wakimbiaji. Karibu na Korinto palikuwa na michezo mikubwa kila mwaka wa pili, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo aliwakumbusha Wakorinto jinsi watu hao walivyojinyima mengi kwa ajili ya majani yatakayonyauka. Naye akawaonyesha taji jingine lisilonyauka.

Ninyi wakatekumeni mmo njiani, na njia yenu ni ya miaka, si ya siku. Mfikirini kijana mmoja wa kijiji cha kati ya Butembo na Beni. Kila Jumamosi huja mafundisho, sala zote azijua kwa moyo, na kuchelewa hachelewi. Ataka kubatizwa kwa sababu baba wa mchumba wake hatatoa binti kwa asiyebatizwa. Na tena amekwisha kumchagua msimamizi, mwenye duka kubwa Butembo. Ndoa si jambo baya, wala duka si dhambi. Lakini itakuwaje usiku ukiingia?

Nao usiku umeingia katika nchi hii. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa Beni wamekimbia vilima na misitu, si kwa mashindano, bali kwa kuwakimbia wauaji, wamebeba watoto na magodoro. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki mjini Beni, likajeruhi wanawake wawili, asubuhi ile ambayo watoto walikuwa wakingojewa wapewe Kipaimara. Anayekwenda kanisani kwa ajili ya mwenye duka, atakwenda Jumapili inayofuata?

Padri atamwuliza kijana huyo mlangoni anaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Jibu limeandikwa kitabuni, naye alijifunza mwezi wa kwanza. Kwa hiyo katekista, mzee mwenye busara, hamwulizi darasani. Humngoja njiani mafundisho yakiisha, hutembea naye kidogo, humwambia: «Mwanangu, kama binti yule angeolewa na mwingine, na mwenye duka angehamia Goma, Jumamosi ijayo ungekuja?»

Kijana anyamaza. Mbele yao wapita akina mama watokao sokoni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, wakipanda kilima bila kusema. Mwisho asema: «Baba, nipe mpaka Jumamosi nijibu.»

Katekista amruhusu aende. Toka kanisani mpaka kwao ni mwendo wa saa mbili, na karibu wote ni mpando.