Jiwe Halina Mwenyewe?

Kitu kikishaitwa "historia", deni lake linaisha? Swali hili lilituzukia kambini Macalder, kule Nyatike, Migori. Mpwa wangu wa miaka saba aliokota jiwe lenye madoa ya kijani, rangi ya shaba iliyonyeshewa miaka mingi. Mamake akamwambia arudishe. Mtoto akajibu, "Si ni la zamani? Halina mwenyewe."

Macalder ulikuwa mgodi wa dhahabu na shaba tangu enzi za mkoloni, ukafungwa 1966. Mzee wetu anapenda magofu, ndiyo maana tulibeba hema kutoka Nairobi mpaka huko. Shida yake ilikuwa picha. Kila akilenga kamera, kulikuwa na watu, na yeye, mpole alivyo, aliwangoja wapite ndipo apige. Ati wanaharibu historia.

Manze, wale watu walikuwa kazini. Wanaosha upya mchanga ulioachwa na kampuni, wakitafuta chembe zilizobaki. Zebaki inakorogwa kwa mikono ndani ya beseni, inashikana na dhahabu, kisha lile donge linachomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Iliyopaa lazima itue mahali: kwenye mapafu, udongoni, kwenye maji yanayoelekea Ziwa Victoria. Inaharibu neva, na mtoto aliye tumboni yuko hatarini zaidi.

Kisheria, mpwa wangu alikosea. Niliacha kampasi, lakini Katiba nimeisoma: Kifungu cha 62 kinasema madini ni mali ya umma, serikali kuu inayashika kwa niaba yetu. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Dhahabu ina wenyewe, tena wamehesabiwa. Sasa zebaki ni ya nani? Hakuna kifungu kinachosema Nairobi ibebe 70 yake. Inabaki yote kwa mama aliyeinamia beseni, na kwa samaki.

Dada yangu aliniambia, tukipika ugali, kwamba hakuna aliyewalazimisha. Wamechagua. Mimi sioni hivyo. Kuchagua ni kuwa na vitu viwili mbele yako, na pale niliona kimoja tu. Halafu yeye mwenyewe ana pete, mimi nina simu, na dhahabu iko ndani ya zote mbili. Imetoka wapi, hatukuwahi kuuliza. Sisemi turudishe pete, wala sisemi watu wasipige kambi Macalder. Nachokataa ni kuwangoja watu watoke kwenye picha ndipo tuseme tumeona mahali. Mgodi ulifungwa kwenye makaratasi. Ile Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, sisi tukiwa bado kwenye hema, nyundo zilikuwa zimeshaanza.